Filamu ya 1932 iko safi kuliko video ya harusi yangu ya 2006. Nani ananipa sababu?

#1 BabaWawili
Wakuu salaam. Juzi umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi ukawa umeshakata. Kijana wangu ameniwekea filamu kwenye flashi, inaitwa Grand Hotel, ya studio ya MGM ya Hollywood, mwaka 1932. Nikajua nakwenda kuona chenga, michirizi na watu wanaotembea mbiombio kama kuku. Wapi! Mkunjo wa kola ya John Barrymore unauona. Poda shavuni kwa Joan Crawford unaiona. Kuna mahali kamera iko juu kabisa inaangalia chini kwenye kaunta ya mapokezi, ile ya duara, na sakafu ya hoteli inang'aa utadhani imepigwa deki asubuhi hiyo.

Sasa mimi nilioa Aprili 2006. Mpiga picha alitupa CD mbili na kanda moja ya VHS. CD zilianza kuganda kwenye kukata keki hata mtoto wa pili hajazaliwa, leo hazisomi kabisa. VHS ipo kabatini ila deki imekufa zamani. Nakumbuka mara ya mwisho kuitazama nyekundu ya gauni la matroni ilikuwa imemwagika mpaka ukutani.

Swali: inakuwaje kitu cha miaka tisini na ushee kiko hai, changu cha juzi kimekufa?

#2 KahawaChungu
Mkuu jibu rahisi. Wao walimwajiri Greta Garbo, wewe ukamwajiri jirani mwenye kamera.

#3 FundiLenzi
Ngoja nianze na ufundi kabla uzi haujaharibika.

Watu wengi hudhani cha zamani lazima kiwe hafifu. Grand Hotel ilipigwa kwenye filamu ya milimita 35. Ile ni kemia, chembe za fedha juu ya mkanda unaopenyeza mwanga, haina mistari wala pikseli. VHS ya mleta uzi inashika kama mistari 240 tu ya undani. Negativu ya milimita 35, yaani mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, ni kisima: kila kizazi kinakuja na ndoo kubwa kuliko ya waliotangulia, na maji bado yanatoka. VHS ni kikombe cha kahawa. Ukishakinywa umekinywa, hata ulete ndoo ya 4K, ile picha kali ya leo.

Kwa hiyo mwaka 1932 walikuwa na mali nyingi kuliko walivyoweza kuionyesha. Wewe 2006 ulipewa kile kile unachokiona, hakuna akiba nyuma yake.

#4 MzeeWaDeki
Nilikuwa na duka la kuazimisha kanda Morogoro kuanzia 1991 mpaka wenye CD waliponifilisi. Naongezea mawili.

Moja, CD za kuchoma nyumbani au studio za mtaani zinatumia rangi maalumu inayoungua na kuacha alama. Rangi hiyo inafifia, hasa ukiweka CD dirishani au juu ya redio inayopata joto. Mbili, VHS huota ukungu, unga mweupe kabisa pembeni ya mkanda. Ukiitia kwenye deki hivyo hivyo unachafua kichwa na kanda zote zitakazofuata.

BabaWawili, kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kaseti mlikivunja?

#5 BabaWawili
Kidude gani mzee wangu?

#6 MzeeWaDeki
Basi. Tutazungumza.

#7 Nuru_wa_Nyaraka
FundiLenzi umesema vizuri lakini umeruka swali. Unaeleza kwa nini mkanda ni safi, wakati kilicho kigumu kueleza ni kwa nini mkanda UPO.

Filamu za wakati ule zilikuwa za nitrati, ndugu wa karibu wa baruti. Ikishika moto huizimi kwa maji wala kwa mchanga, kwa sababu inatengeneza oksijeni yake yenyewe inapoungua. Isipoungua inaoza: kwanza picha inafifia, halafu inakuwa gundi, mwisho inabaki unga wa kahawia ndani ya kopo. Viwanda viliacha kutengeneza filamu za nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1950, vikahamia asetati isiyolipuka. Nayo asetati ina ugonjwa wake. Ikianza kuharibika unafungua kopo unakutana na harufu ya siki kama umefungua chupa ya achari.

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa hesabu ya filamu ndefu za bubu za Marekani. Zilitengenezwa karibu 11,000. Zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza la milimita 35 ni asilimia 14. Kwa hiyo ukiona kitu cha 1932 kinang'aa, kumbuka wengi waliozaliwa miaka michache kabla yake wako makaburini.

#8 KahawaChungu
Asilimia 14? Hata mtihani wa hesabu niliopata mimi ulikuwa juu ya hapo.

#9 Sinema_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Nuru, unataja filamu za bubu, lakini Grand Hotel inazungumza tangu dakika ya kwanza, watu wote wanapiga kelele kwenye simu. Hapo ndipo penye sababu. Sauti ilipoingia mwisho wa miaka ya 1920, studio ziliona za bubu ni takataka tupu. Nani angezionyesha tena? Nyingine ziliyeyushwa ili watoe madini ya fedha yaliyomo. Grand Hotel ilizaliwa upande wa salama wa mto. Halafu miaka ya 1950 televisheni ikaanza kununua filamu za zamani, na MGM wakafungulia stoo yao kwa televisheni mwaka 1956. Kitu kinacholeta hela hakitupwi.

#10 Mzaramo_Halisi
Hii filamu naijua! Ndiyo ile yenye Jean Harlow kwenye gauni jeupe kitandani anakula chokoleti. Nimeiona kwa mjomba.

#11 Sinema_Likoni
Hapana ndugu, hiyo ni Dinner at Eight ya 1933, ya George Cukor. Kosa lako linaeleweka, kwa sababu MGM ile ile, akina Barrymore wote wawili wamo na Wallace Beery yumo. Walipoona kujaza mastaa kwenye chungu kimoja kunalipa, wakapika tena mwaka uliofuata. Grand Hotel ni ya Edmund Goulding: Garbo, John Barrymore, Crawford, Beery, Lionel Barrymore, Lewis Stone, Jean Hersholt.

#12 Mzaramo_Halisi
Nimekubali. Lakini gauni lilikuwa jeupe.

#13 MamaTumaini
Mimi sina ufundi wowote, naomba kuuliza tu: hadithi yenyewe inahusu nini? Mnanitamanisha halafu mnaongea kemia.

#14 BabaWawili
Dada, hoteli ya kifahari Berlin. Garbo ni mcheza dansi wa Kirusi aliyechoka na dunia, ndiye anayesema anataka kuwa peke yake. Baroni hana hata senti, kaingia chumbani kwake kuiba lulu, akatoka na moyo wake. Crawford ni mpiga taipu. Beery ni mwenye kiwanda, jeuri, anataka mpiga taipu afanye na kazi zisizo za taipu. Lionel Barrymore ni karani wa kiwanda hicho hicho, daktari kamwambia hana siku nyingi, kaja kula akiba yake yote kabla hajafa. Mwisho bosi anamuua baroni kwa kumpiga na mkono wa simu. Garbo anaondoka kwenda stesheni akitabasamu, hajui. Kilichonikata maini ni kambwa kale ka baroni, miguu mifupi mwili mrefu. Mwenyewe kafa, kameachwa.

#15 KahawaChungu
Asante kwa kutusimulia mpaka mwisho bila onyo. Mwizi wa lulu wewe.

#16 MamaTumaini
Mimi nilitaka mpaka mwisho. Huyo karani ndiye nitakayemtazama.

#17 Wakili_wa_Mtaa
Naona mnazunguka. Jibu ni umiliki. Grand Hotel haijawahi kukosa mwenyewe hata siku moja. MGM ilikuwa nayo. Mwaka 1986 Ted Turner, tajiri wa televisheni, akanunua hazina yote ya zamani ya MGM. Mwaka 1996 kampuni ya Turner ikaingia Time Warner, na mpaka leo filamu iko mikononi mwa Warner. Haki miliki yake Marekani inakwisha mwisho wa 2027, yaani tarehe 1 Januari 2028 inakuwa ya kila mtu. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu mwenye sababu ya kulipa bili ya ubaridi wa stoo. Shamba lisilo na mwenyewe hulimwa na nguruwe.

#18 Nuru_wa_Nyaraka
Wakili, mwenyewe kuwepo hakuzuii moto. Mwaka 1965 stoo namba 7 ya MGM, pale pale kwenye uwanja wa studio Culver City, ililipuka. Ndiyo iliyoondoka na filamu ya London After Midnight ya Lon Chaney, mpaka leo watu wanaitafuta kama yai la mbuni. Mwaka 1978 tena, nitrati za George Eastman House kule Rochester zikashika moto, negativu za filamu zaidi ya 300 zikateketea. Zote zilikuwa na wenyewe, na za Rochester zilikuwa kwa watu ambao kazi yao ni kutunza.

Mimi nasema bahati ina sehemu yake, hata kama kwenye ripoti hatuwezi kuiandika.

#19 Wakili_wa_Mtaa
Bahati si hoja, ni kukata tamaa kwa lugha nzuri.

#20 Kibanda_Umiza
Turner si ndiye aliyekuwa anapaka rangi filamu za watu za nyeusi na nyeupe? Kama angeifikia na hii ingekuwa na Garbo wa bluu.

#21 Sinema_Likoni
Ndiye, filamu ya Casablanca ilipakwa 1988 na wazee wa Hollywood wakataka kulia. Lakini sikiliza kichekesho chake. Kelele zile za rangi ndizo zilizosukuma Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kuhifadhi filamu mwaka huo huo wa 1988, na tangu 1989 wakawa na orodha ya taifa, filamu 25 kila mwaka. Grand Hotel iliingia 2007. Na kampuni ile ile ya Turner ilimwaga pesa nyingi kwenye kutunza. Adui na mganga, suruali moja.

#22 Kibanda_Umiza
Kwa hiyo serikali yao ndiyo iliyoisafisha. Uzi ufungwe.

#23 Nuru_wa_Nyaraka
#22 usifunge bado. Kuwekwa kwenye ile orodha ni heshima, na Maktaba ya Bunge hutafuta nakala nzuri ya kuweka ghalani. Haina maana kwamba kesho yake fundi wa serikali ameanza kupangusa fremu. Kazi ya kurekebisha hufanywa na mwenye filamu au hifadhi ya kumbukumbu iliyo nayo. Ghala lenyewe la maktaba liko Culpeper, Virginia, lilifunguliwa 2007, lina vyumba 124 vya nitrati peke yake, kila kimoja kimejitenga ili moto wa kimoja usimwamshe jirani.

#24 Sinema_Likoni
Halafu mnasahau kuna mtu. Wakili anasema umiliki, Nuru anasema bahati, mimi nasema Roger Mayer. Huyu alikuwa mwanasheria MGM, na kuanzia miaka ya 1960 alisimamia mpango wa kunakili nitrati zote za studio kwenda kwenye filamu salama. Hakuna aliyemtuma kwa shauku, studio nyingine zilikuwa zinasinzia. Baadaye akahamia kwa Turner na kuendelea na kazi ile ile.

Sasa utamu. Mwaka 2005 Academy, wale wanaotoa Oscar, ilimpa tuzo ya utu kwa sababu ya kazi hiyo. Tuzo inaitwa Jean Hersholt. Mnamkumbuka Hersholt kwenye Grand Hotel? Ni yule bawabu wa mapokezi, Senf, ambaye mkewe yuko hospitali anajifungua, naye hawezi kuondoka kazini, filamu nzima anasubiri simu. Aliyeokoa hazina ya MGM kapewa tuzo yenye jina la bawabu wa hoteli ile.

#25 MamaTumaini
Na mtoto alizaliwa?

#26 Sinema_Likoni
Alizaliwa, mama. Wa kiume.

#27 Mzaramo_Halisi
Mbona mnatafuta mbali, hii filamu ilichukua Oscar ya filamu bora! Nani atatupa mshindi wa Oscar? Hata kombe la mchangani tunaliweka juu ya kabati.

#28 FundiLenzi
Ni kweli ilishinda Novemba 1932, tena kwa namna ya ajabu: haikuteuliwa kwenye kipengele kingine chochote. Si mwigizaji, si mwongozaji, si picha. Haijatokea tena mpaka leo.

Ila kombe halitoshi. The Patriot ya Ernst Lubitsch, 1928, iliteuliwa kuwa filamu bora na ikachukua Oscar ya uandishi. Leo hakuna nakala yake kamili popote, vimebaki vipande tu. Kombe lipo kabatini, mchezaji hayupo.

#29 Mzaramo_Halisi
Leo siku yangu mbaya humu.

#30 Sheha_wa_Forodhani
Nyie wa bara mmesahau kwamba filamu ni kitu cha kusafiri. Marehemu baba alikuwa mbeba mikanda Unguja, miaka ya 1950. Mji ulikuwa na Empire, Majestic, Sultana, na filamu moja inaonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja. Kumbi hii ikimaliza kopo la kwanza, baba analitia kwenye kikapu cha baiskeli mbio mpaka kumbi ya pili, anarudi kuchukua la pili. Pancha ikitokea Darajani watu wanaanza kupiga viti. Mikanda hiyo ikitoka hapa inakwenda Pemba, Tanga, Mombasa, ikifika mwisho imechanika, ina michirizi kama uso wa mpiga ngumi.

Hoja yangu: nakala zilikuwa nyingi, zimezagaa dunia nzima. Ndiyo maana hata cha mwenyewe kikiungua, mtu wa mbali anacho. Metropolis ya Wajerumani ilikosekana sehemu kubwa miaka na miaka, ikaja kupatikana 2008 Buenos Aires, kwenye nakala ya milimita 16 imechoka hiyo yakhe, lakini ipo. Wingi ndio uliookoa.

#31 Nuru_wa_Nyaraka
Sheha, shikamoo. Hadithi ya baba naihitaji kwa maandishi, kwa kweli. Ila nakala za maonyesho zilitakiwa kurudishwa au kuharibiwa mkataba ukiisha. Zilizobaki ni zile ambazo nauli ya kuzirudisha ilizidi thamani yake. Tena hiyo ya Buenos Aires ina michirizi ambayo mafundi hawakuweza kuiondoa yote. Unachokiona kwa BabaWawili hakiwezi kutoka kwenye kikapu cha baiskeli.

#32 Sheha_wa_Forodhani
Marahaba mwanangu. Kikapu kilikuwa kisafi lakini.

#33 Bint_Ngamiani
Mnaongelea Hollywood, mimi nawarudisha Tanga. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie. Zilipigwa huko huko, na wenyeji ndio waigizaji. Walitengeneza filamu 35. Zinazojulikana kubaki, London kwenye hifadhi ya BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ni 3. Moja ni ya mashamba ya Kingolwira.

Sasa angalieni. Zile zilikuwa za milimita 16, na milimita 16 haikuwa nitrati. Haikuwa ya kulipuka. Hakuna stoo iliyowaka. Na bado 32 hazipo. Kwa hiyo Nuru na moto wako, FundiLenzi na kisima chako, mnalielezaje hilo? Wakili naona hapa una nguvu: mradi ulipokwisha hakukuwa na mtu aliyetarajia hata shilingi kutoka kwenye yale makopo.

#34 MzeeWaDeki
Kingolwira! Napita pale kila wiki. Sikujua.

#35 Wakili_wa_Mtaa
Asante binti. Nimetulia.

#36 Nuru_wa_Nyaraka
Asitulie sana. Kutojali kunaua kama moto, nakubali. Lakini hata hizo 3 hazikubaki kwa sababu ya faida, zilibaki kwa sababu kuna kumbukumbu fulani ilizipokea na kuziweka rafu. Mwenyewe anayetaka hela na mtunzaji anayetaka kutunza ni watu wawili tofauti, usiwavishe kanzu moja.

#37 Kibanda_Umiza
Turudi kwa Garbo. Mimi nimeichukua jana baada ya kuona uzi. Mbona Crawford yuko wazi kabisa halafu akija Garbo kuna kama moshi wa ubani? Wameisafisha nusu wakachoka?

#38 KahawaChungu
Programu za kuondoa chenga hizo. Wakizidisha, mtu anakuwa mshumaa.

#39 FundiLenzi
Ni kweli programu zinaweza kumgeuza mtu mshumaa, na ni dhambi inayofanyika sana. Chenga za filamu ndizo filamu yenyewe, ukizifuta zote umefuta na ngozi. Lakini kwa Garbo nadhani unamlaumu fundi wa leo kwa kazi ya fundi wa 1932. Mpiga picha ni William Daniels, alikuwa naye tangu filamu yake ya kwanza Marekani, 1926. Desturi ya zama zile ilikuwa kuweka kitambaa chembamba au kioo laini mbele ya lenzi anapokuja malkia. Huo ubani umo kwenye negativu. Fundi akiuondoa ndipo atakuwa ameharibu.

Kitu kingine cha kuangalia: kila picha moja inapoyeyuka kuingia nyingine, au maandishi yanapopita juu ya picha, chenga zinaongezeka ghafla sekunde mbili tatu, halafu panatulia. Pale zama hizo walikuwa wanapiga mkanda wa pili kutoka wa kwanza ili kuchanganya picha. Unatazama kopi ya kopi. Hakuna skana itakayokusaidia.

#40 KahawaChungu
Bado nasema mshumaa.

#41 MamaTumaini
Kazi hiyo ya kusafisha ni kubwa kiasi gani? Mtu anakaa na kitambaa?

#42 FundiLenzi
Piga hesabu mama. Filamu ni dakika 112, kila sekunde fremu 24. Ni picha 161,280. Mkanda wenyewe ukiunyoosha ni kama kilomita 3. Kwanza wanaunga viungo vilivyoachia na matundu yaliyochanika pembeni, kwa mkono, kwa glavu. Halafu kuna skana inayopitisha mkanda ndani ya maji ya dawa. Dawa inajaza mchirizi, mwanga haukwami, mchirizi haupo. Baada ya hapo kompyuta inatafuta vumbi: kitu kilichopo kwenye fremu moja na hakipo kabla wala baada yake. Hapo ndipo mtu anatakiwa kukaa macho, maana lulu inayong'aa mara moja na tone la mvua navyo vinafanana na vumbi.

Ukiiskani kwa 4K kamili, kila fremu ni kama megabaiti 51. Zidisha. Inapita teraibaiti 8, filamu moja, bila sauti.

#43 KahawaChungu
Teraibaiti 8. Bando langu la wiki ni GB 4 na linakufa Jumatano.

#44 Nuru_wa_Nyaraka
Na hizo teraibaiti 8 nani anazilisha? Mwaka 2007 Academy ilitoa ripoti: kutunza mkanda mkuu wa filamu moja ghalani ni dola 1,059 kwa mwaka, kutunza nakala kuu ya dijitali ya 4K ni dola 12,514. Kwa sababu data haikubali kukaa. Kila miaka kadhaa lazima uihamishe kwenye kanda mpya, la sivyo mashine ya kuisoma inatoweka sokoni. Mkanda wa filamu ukiuweka kwenye baridi kavu, unaurudia baada ya miaka mia ukiwa na taa na lenzi.

#45 FundiLenzi
Hizo ni bei za 2007, Nuru. Diski zimeshuka sana tangu wakati huo. Lakini hoja ya kuhamisha kila mara naikubali. Filamu ya katuni Toy Story 2 ilifutwa na amri moja ya kompyuta ikiwa bado inatengenezwa, na nakala ya akiba haikufanya kazi. Ikaokolewa na mfanyakazi aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua.

#46 MamaTumaini
Yaani hii mada yote wanaokoa ni wazazi.

#47 Mzaramo_Halisi
Mimi yangu ya mwisho. Mama mdogo aliimba na kikundi cha taarabu miaka ya 1980, wakarekodi kituo fulani cha redio. Mwaka juzi tulikwenda kuomba kanda kwa ajili ya arobaini yake. Tukaambiwa kanda zilikuwa chache, zilirekodiwa juu yake taarifa ya habari. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mstaarabu, akatuonyesha boksi. Jina la mama mdogo limekatwa kwa kalamu, chini yake pameandikwa bei za pamba.

#48 MzeeWaDeki
Pole sana mwanangu.

BabaWawili, uko wapi? Nina deki nzima, niliisafisha jana. Lete kanda.

#49 BabaWawili
Wakuu naleta mrejesho. Mzee alinipokea Morogoro, kaipangusa kanda na kitambaa kikavu, akaigeuza mgongo akaangalia, akaniangalia mimi, hakusema neno. Tukaitia.

Dakika kumi za kwanza safi. MC, ndafu, mama yangu Mungu amrehemu anacheza na kitenge kichwani. Bibi harusi anaingia ukumbini, matroni nyuma yake. Picha ikaruka mara moja, kijani kikatokea, na sauti ya mtangazaji. Fainali ya Kombe la Dunia. Italia na Ufaransa. Tulikuwa tunaishi na shemeji mwaka ule.

#50 MzeeWaDeki
Kidude hakikuvunjwa. Ukikivunja, deki haikubali kurekodi tena juu ya kanda.

#51 KahawaChungu
Kile kichwa cha Zidane kimo?

#52 BabaWawili
Kimo chote. Na picha ni safi.